KIFUA KINAUMA, MKONO UNATOBOLEWA WA NINI?

Wahaya tunasifika kwa usomi. Ukitokea Bukoba utaitwa nshomile hata kama shule uliikimbia darasa la saba. Lakini mweke nshomile huyo mbele ya sindano ya kutoa damu uone. Usomi wote unakwenda likizo!

Juzi juzi nilimsindikiza mjomba wangu wa Kamachumu, kule Muleba, kwenda hospitali. Alikuwa na siku nne za homa na kikohozi kikavu. Daktari akamsikiliza kifua, kisha akaandika vipimo vya damu. Mjomba akang'aka: "Waitu daktari, mimi naumwa kifua. Mkono unatobolewa wa nini?"

Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lina akili. Wiki hii tulijibu.

Ni hivi, mpenzi msomaji. Virusi vya mafua makali au vya Korona vinaingia puani na kushuka mapafuni. Ila askari wanaovipiga wanasafiri kwa damu. Ukitaka kujua vita inakwendaje, hesabu askari.

Askari hao ni chembe nyeupe, na kundi linalopambana sana na virusi linaitwa limfosaiti. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kama 1,000 hadi 4,000 katika maikrolita moja ya damu. Wakati wa Korona madaktari wa nchi nyingi waliona jambo moja: wagonjwa ambao limfosaiti zao zilishuka sana ndio waliozidiwa zaidi, na wengine walipopimwa walikuwa bado wanapiga soga.

Mjomba alikutwa na 700. Malaria hana. Wakamlaza huku akibisha kwamba mbona anatembea mwenyewe, na migomba yake nani ataiangalia. Usiku wa pili pumzi ikakata, akawekewa oksijeni. Sasa fikiria kama usiku ule angekuwa Kamachumu, mvua inanyesha na gari la kukodi halipatikani. Alitoka siku ya tisa, amekonda lakini mzima.

Kuna kipimo kingine kinaitwa CRP. Ni protini inayomwagwa na ini pale mwili unapowaka moto ndani. Kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uitwao RECOVERY. Wagonjwa wa Korona waliopungukiwa oksijeni, na CRP yao kufika 75 au zaidi, waligawanywa: wengine wakapewa dawa ya kutuliza kinga iitwayo tosilizumabu, wengine hapana. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa siku 28 walikufa asilimia 31 ya waliopewa, na asilimia 35 ya wasiopewa.

Umesoma vizuri? Nimesema kutuliza kinga! Maana saa nyingine anayebomoa mapafu siyo mgeni, ni askari wako mwenyewe aliyepandwa na hasira.

Hapo ndipo wajuaji wa mtaani wanapoharibu. Mtu akikohoa kidogo anakimbilia duka la dawa kununua deksamethasoni. Utafiti huo huo, Juni 2020, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Unaituliza kinga siku ya pili, wakati ndiyo kwanza inakupigania, halafu unashangaa?

Wanaume wenzangu, kaeni vizuri. Mwaka 2020 watafiti walipima wagonjwa 987 waliozidiwa na Korona. Wakakuta 101 damu zao zina kinga iliyogeuka na kushambulia intaferoni, ile kengele ya mwili ya kuonya kwamba virusi vimeingia. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95! Na wazee ndio walioongoza. Kwa hiyo mzee akisema "mafua tu haya", usimwachie aamue peke yake.

Ajabu ni kwamba sisi wa Kagera tulipaswa kuwa walimu wa habari hizi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983, enzi ugonjwa ukiitwa Juliana. Baadaye mpaka bibi kijijini akajua CD4 ni nini. CD4 ni aina ya limfosaiti hizo hizo. Zikishuka chini ya 200, nimonia na TB vinapiga hodi. Siku hizi dawa huanza mara mtu akikutwa na virusi, bila kungoja hesabu ishuke, lakini somo ni lile lile: damu huona kabla ya macho.

Lakini msiifanye damu mganga wa kienyeji. CRP hupanda hata kwa malaria, na Muleba malaria tunaijua. Ni huko huko ulikofanyika utafiti wa vyandarua vyenye dawa, uliochapishwa mwaka 2018. Namba moja bila kipimo cha malaria inaweza kukupoteza njia. Tena siyo kila mwenye limfosaiti chache atazidiwa. Namba ni kama wingu juu ya Ziwa: mvuvi mwenye akili akiliona anajiandaa.

Na pale zahanati isipokuwa na mashine? Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima akivuta zaidi ya 30, au midomo ikigeuka rangi, au kipimo cha kidoleni kikisoma chini ya 90, tafuteni usafiri saa hiyo hiyo. Kujifukiza baadaye.

Ukiombwa damu, nyoosha mkono. Kisha uliza: "Daktari, namba zangu zinasemaje?" Ni damu yako, una haki ya kujua. Nshomile wa kweli ni yule anayeuliza.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.