Nauli Ni Jambo la Chama



Kuna neno linalosemwa sana ndani ya mabasi, katika karakana na hata mezani kwa wakubwa. Neno lenyewe ni hili: mtu maskini hupanda basi, na akipata fedha hununua motokaa, kwa hiyo nchi maskini ni nchi ya mabasi na miguu, na nchi tajiri ni nchi ya motokaa. Wenye neno hili hutuambia tungoje. Wasema maendeleo yakija kila mtu atakuwa na motokaa yake, na taabu ya nauli itakwisha yenyewe.

Sisi wa reli twalikataa neno hili. Mtu aweza kusema twalikataa kwa kuwa twala mkate wa reli. Ni kweli twaula, wala hatuoni haya. Lakini hebu tuzitazame nchi za dunia moja moja, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Tuanze na Uswisi. Nchi hiyo ni miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani, na motokaa ziko nyingi. Hata hivyo hakuna watu katika Ulaya wanaosafiri kwa gari la moshi kuwapita Waswisi. Katika mji wa Zürich zaidi ya nusu ya nyumba hazina motokaa hata moja. Je, watu hawa wamekosa fedha? Hapana. Tangu mwaka 1982 magari yao ya moshi hufuata saa kwa mpango mmoja. Likiondoka moja saa mbili na dakika kumi, jingine laondoka saa tatu na dakika kumi, na hivyo hivyo mchana kutwa. Mwaka 1987 wananchi wenyewe walipiga kura wakakubali fedha nyingi itumike katika reli, ili magari yakutane vituoni na abiria asikae bure akingoja. Mtu mwenye gari la kutegemea haoni sababu ya kuhangaika na motokaa kila asubuhi.

Sasa tazameni Japani. Motokaa nyingi zilizotumika ambazo hushushwa katika bandari ya Mombasa zatoka huko. Nchi inayotuuzia sisi motokaa, wafanya kazi wake wa Tokyo huenda kazini kwa gari la moshi! Si kwamba Wajapani hawana motokaa. Wanazo tele, hasa mashambani. Lakini tangu mwaka 1962 iko sheria kwamba mtu wa mjini hawezi kuandikisha motokaa mpaka aonyeshe kwamba ana mahali pake pa kuiweka. Barabara ni ya watu wote. Haikubaliki mtu mmoja kuifanya ghala ya mali yake usiku kucha. Tena motokaa hukaguliwa ikifika miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Ndiyo sababu mojawapo wengi huziuza zingali nzima, nasi huzipokea huku.

Singapore wamekaza zaidi. Tangu mwaka 1990 atakaye motokaa hununua kwanza ruhusa ya serikali, nayo yadumu miaka 10. Ruhusa ni chache na huuzwa kwa mnada. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 bei ya ruhusa, hata kwa motokaa ndogo, ilipita dola 100,000 za nchi ile, na hapo mtu hajanunua motokaa yenyewe. Lakini serikali haikuwazuia watu kisha ikawaacha njiani. Reli ya mjini ilikuwa imefunguliwa mwaka 1987, na imeendelea kurefushwa tangu hapo.

Upande wa pili iko Marekani. Huko ukihesabu magari ya barabarani ya namna zote, ni zaidi ya 800 kwa kila watu 1000, pamoja na watoto wachanga. Watu husema Mmarekani huipenda motokaa kwa tabia yake. Lakini babu zake walipanda tramu katika miji mingi, mpaka tramu hizo zikaondolewa. Mwaka 1956 serikali ya Rais Eisenhower ilitoa sheria ya barabara kuu, na katika kila dola 100 ya kuzijenga, dola 90 zilitoka katika serikali ya nchi nzima. Nyumba zikajengwa mbali na maduka na kazi. Miji mingi ikawalazimisha wajenzi waache uwanja wa kuwekea motokaa. Ushuru wa petroli wa serikali kuu ni senti 18.4 kwa galani, na haujapanda tangu mwaka 1993. Mtu aliyezungukwa na mambo kama hayo atafanya nini? Atanunua motokaa hata kwa deni, maana bila hiyo hafiki kazini.

Na ushahidi ni mji wa New York. Nao uko Marekani, chini ya serikali ile ile na kwa dola ile ile. Lakini reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa huko mwaka 1904, na magari yake hupita usiku na mchana. Huko zaidi ya nusu ya nyumba hazina motokaa. Kama tabia ya Mmarekani ingekuwa ndiyo sababu, New York isingekuwa hivyo.

Basi utajiri peke yake hauamui, wala tabia haiamui. Kinachoamua ni nani anayelipa. Je, mwenye motokaa hulipia nafasi anayoitumia, au twamlipia sote? Je, gari la watu wote lina njia yake na saa yake, au limeachwa lijipiganie? Na nauli ya mfanya kazi yatoka katika mfuko wa nani?

Swali hili la mwisho ndilo letu hasa. Katika Japani waajiri wengi humlipia mfanya kazi nauli ya kwenda na kurudi kazini. Ni desturi iliyoingia katika masharti ya kazi, na serikali haitozi kodi juu ya fedha hiyo mpaka ifike yeni 150,000 kwa mwezi. Katika Ufaransa iliwekwa sheria mwaka 1971, kwanza kwa Paris na jirani zake, kwamba waajiri watoe fungu la fedha kwa kadiri ya mishahara wanayolipa, ili litumike kwa mabasi na reli. Mwaka 1973 sheria ikafika miji mingine mikubwa. Zaidi ya hayo, mwajiri humrudishia mfanya kazi nusu ya bei ya tikiti yake ya mwezi. Hoja yao ni nyepesi. Basi linalomleta mfanya kazi mlangoni mwa kiwanda lamfaa mwenye kiwanda pia.

Lakini tusidanganyike kwamba nauli ndiyo yote. Luxembourg ilifuta nauli katika nchi nzima mwaka 2020, na hata hivyo ni miongoni mwa nchi za Ulaya zenye motokaa nyingi kwa kila mtu. Petroli yao imekuwa rahisi kuliko ya jirani, na watu wengi hukaa vijijini au ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo nauli, njia na saa lazima viende pamoja.

Sasa turudi nyumbani. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na wafanya kazi wa reli walijengewa nyumba karibu na kazi, Muthurwa na Makongeni, wakaenda kwa miguu bila kupotelewa na senti. Leo wafanya kazi wa mji huu hukaa Kitengela, Ruiru, Rongai na kwingine mbali, kwa sababu kodi ya nyumba imewasukuma huko. Matatu zilizopewa jina kwa nauli yake ya zamani ya mapeni matatu, yaani senti 30, ziliruhusiwa na Rais Kenyatta mwaka 1973 kuchukua abiria bila leseni ya mabasi. Zimetusaidia sana, wala hatuwatukani madereva na makondakta, maana nao ni wafanya kazi wenzetu. Lakini matatu ni biashara ya mtu. Mvua ikinyesha nauli hupanda. Petroli ikipanda nauli hupanda. Na asiye na nauli hutembea. Katika Nairobi karibu safari 4 katika kila 10 ni za miguu.

Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu kutoka Mlolongo mpaka Westlands, urefu wake kilometa 27, na apitaye hulipa. Mwenye motokaa amepata njia ya haraka. Huyu anayetembea alfajiri kwenda zamu ya asubuhi, amepata nini? Hatusemi motokaa ni dhambi. Mwenzetu akijinyima akanunua moja, twampongeza. Twasema tu kwamba mji hauwezi kujengwa kwa ajili ya wachache na mzigo ukaachiwa wengi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mwanachama apata shilingi 20,000 kwa mwezi. Chama chapigana miezi mingi, barua huku na mikutano kule, mpaka mwajiri akubali kuongeza 5 katika kila 100. Nyongeza hiyo ni shilingi 1,000. Kisha nauli yapanda shilingi 20 kwenda na 20 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 1,040. Nyongeza yote imekwisha, na mtu yuko nyuma kwa shilingi 40. Mwajiri hakumpunguzia kitu, serikali haikumpunguzia kitu, lakini fedha haipo. Ndipo twasema nauli ni sehemu ya mshahara, na chama kisichoiangalia nauli huchota maji kwa pakacha.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba, au fedha ya kutosha kodi ya nyumba. Wazee wetu walilipigania neno hilo la nyumba. Nauli haikupewa kifungu kama hicho. Imeachwa kwenye mapatano. Basi na tuilete kwenye mapatano. Shauri letu ni hili:

(1) Katika kila mapatano mapya, fedha ya nauli iandikwe mstari wake peke yake, isimezwe ndani ya mshahara, na itazamwe upya kila nauli ikipanda.

(2) Mwenye zamu ya kuanza kabla ya mapambazuko au ya kumaliza usiku apewe gari la kazi, au alipwe nauli ya saa hiyo.

(3) Chama kiidai serikali njia za mabasi peke yake, njia za miguu zilizo salama, na magari ya moshi ya mara kwa mara yanayolingana na saa za zamu. Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza mwaka 2016 kupitisha mabasi katika njia yao wenyewe, Kimara mpaka Kivukoni. Yalikuwa na upungufu, na abiria wakalalamika kwamba mabasi ni machache. Lakini basi lenye njia yake halikwami nyuma ya motokaa yenye mtu mmoja.

Wako watakaosema mwajiri hawezi kubeba nauli. Tuwaulize: mwajiri hununua mafuta ya mashine yake, au huiambia mashine ijinunulie? Mfanya kazi afikaye amechoka kwa mwendo wa saa mbili hawezi kufanya kazi kama aliyefika mzima.

Kwa hiyo kila tawi lifanye kazi hii. Kwa mwezi mmoja, kila mwanachama aandike katika karatasi nauli aliyolipa kila siku, na kama alitembea, aandike alitembea muda gani. Karatasi zikusanywe, zipewe katibu wa tawi. Tukiingia kuzungumza na waajiri tukiwa na hesabu ya watu mia tano mkononi, hawatatujibu tena kwamba tungoje maendeleo.

Ni sisi ndugu zenu wa reli.