Maneno ya Mkubwa na Kanuni ya Karani

Wanachama kadhaa wametutaka tuseme waziwazi juu ya jambo linalobishaniwa sana katika mazungumzo ya jioni: kiongozi wa nchi akitamka neno hadharani, na wengine wakaliita neno hilo ubaguzi wa rangi, lipimwe kwa mizani gani, na nani mwenye haki ya kulipima? Wako wasemao kwamba jambo hili si letu, kwa kuwa mtumishi wa serikali hana kazi na siasa. Hatukubaliani nao. Neno la mkubwa halibaki juu ya jukwaa. Hushuka ngazi kwa ngazi, hata likafika dirishani penye karani na muhuri wake, na mwananchi amesimama upande wa pili akingoja hati yake. Basi yatupasa tujue kulipima.

Tumechagua mfano wa Marekani, kwa sababu maneno yenyewe yaliandikwa na mwenye kuyasema, wala hapana awezaye kudai kwamba alisikiwa vibaya. Siku ya Jumapili, tarehe 14 Julai 2019, Bwana Donald Trump, aliyekuwa Rais wakati ule na ambaye alirudi madarakani Januari 2025, aliandika katika mtandao wa Twitter habari za wabunge wanawake wa chama cha Democratic. Alisema kwamba asili yao ni nchi ambazo serikali zake ni balaa tupu, akauliza kwa nini wasirudi wakatengeneze kwanza mahali palipoharibika walikotoka, ndipo waje waonyeshe jinsi ya kufanya. Hakuwataja kwa majina, walakini kila mtu alifahamu kwamba ni wanne: Alexandria Ocasio-Cortez, Rashida Tlaib, Ayanna Pressley na Ilhan Omar.

Sasa tutazame daftari la kuzaliwa, kama ilivyo desturi ya kazi yetu. Bibi Ocasio-Cortez alizaliwa New York, na jamaa zake wa asili ya Puerto Rico, kisiwa ambacho wenyeji wake ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917. Bibi Tlaib alizaliwa Detroit, na wazazi wake ni Wapalestina. Bibi Pressley, Mmarekani mweusi, alizaliwa Cincinnati. Ni mmoja tu aliyezaliwa nje, naye ni Bibi Omar, aliyezaliwa Mogadishu, akakaa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, kisha akawa raia wa Marekani mwaka 2000. Basi watatu kati ya wanne waliambiwa warudi katika nchi ambayo hawakutoka, na wa nne aliambiwa hivyo baada ya kuwa raia kwa miaka kumi na tisa. Karani akiandika kosa la namna hii katika faili, tungeuliza: ni kitu gani kilichomfanya awadhanie wote wanne kuwa wageni? Si cheti cha kuzaliwa. Si hati ya uraia. Tukiviondoa hivyo viwili, kinachobaki ni sura, jina na asili.

Siku mbili baadaye, tarehe 16 Julai, jambo lilifika katika Baraza la Wawakilishi. Lililotokea huko lapasa kusomwa na kila mwenye kuandika kumbukumbu za mikutano. Spika, Bibi Nancy Pelosi, aliposema kwamba maneno yale yalikuwa ya ubaguzi, mbunge mmoja wa upande wa pili alisimama akataka maneno ya Spika yafutwe. Maana Baraza lile hufuata kitabu cha taratibu alichokitunga Thomas Jefferson zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, nacho kilichukua desturi ya Bunge la Uingereza ya kutomnenea Mfalme maneno ya kumvunjia heshima. Aliyekuwa akishika kiti saa ile, Bwana Emanuel Cleaver, alichoshwa na mabishano akakiacha kiti. Hatimaye ikaamuliwa kwamba Spika amekosa utaratibu. Lakini wabunge walipopiga kura walikataa kuyafuta maneno yake. Kisha wakapitisha azimio la kuyalaani maneno ya Rais kwa kura 240 dhidi ya 187, na wanne wa chama cha Rais mwenyewe wakaliunga mkono.

Wasomaji waangalie ajabu iliyomo. Kusema neno la kibaguzi hapakuwa na kanuni ya kukuzuia. Kuliita kwa jina lake ndiko kulikokuwa kosa. Hatusemi kwamba adabu ya baraza haina maana. Twasema kwamba adabu inayomlinda mkubwa peke yake haistahili kuitwa adabu.

Waliomtetea Rais walikuwa na hoja, na si haki kuzipita bila kuzisikiliza. Hoja ya kwanza ni ya moyo. Rais mwenyewe alisema kwamba hana hata mfupa mmoja wa ubaguzi mwilini mwake. Huenda, moyo wa mtu ni kichaka, na sisi hatukuajiriwa kukagua mioyo. Lakini wazee wetu walikwisha kusema kwamba ulimi hauna mfupa, na kilicholetwa mbele ya watu siku ile kilikuwa ni ulimi. Azimio lenyewe liliyashutumu maneno. Halikujidai kuujua moyo wa aliyeyasema.

Tena watumishi wa Afrika Mashariki wana ushahidi wao kwamba ubaguzi hauhitaji matusi wala hasira. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja katika miaka ya 1947 na 1948, iliandika taarifa kwa lugha ya upole na heshima. Ndani yake ilishauri kwamba Mwafrika na Mhindi walipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu, hata kama kazi ni moja. Hapana aliyetukanwa. Yawezekana kabisa kwamba waliotia sahihi walikuwa watu wema nyumbani mwao. Hata hivyo karani aliyefanya kazi ile ile alirudi kwake na mkoba mwepesi, mpaka Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 iliposhauri vipimo vya rangi viondolewe. Ingalikuwa kipimo ni moyo wa mwandishi, malalamiko ya wazee wetu yasingalikuwa na msingi. Kipimo ni lile linalosemwa, na linalomfanyia mtu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Seneta Lindsey Graham wa South Carolina alisema kwamba shida haikuwa rangi bali siasa: mkimbizi wa Kisomali akivaa kofia ya kampeni ya Rais, Rais hatamwambia arudi kwao. Na tukubali kwamba ugomvi ulikuwa wa siasa. Lakini chanzo cha ugomvi ni kitu kimoja, na silaha iliyochaguliwa ni kitu kingine. Bibi Pelosi pia alikuwa mpinzani mkubwa wa Rais, na wazee wake walitoka Italia. Katika maandiko yale yale Rais alimtaja, si kwa kumwambia arudi Italia, bali kwa kusema kwamba angefurahi kuwatengenezea wenzake safari ya bure. Na mama yake Rais mwenyewe alizaliwa Scotland. Asili ya nje wanayo wote. Kwa wengine ni habari ya ukoo, kwa wengine ni hati ya kufukuzwa. Tena hoja ya kofia yamwumiza mteja wake: maana yake ni kwamba uraia wa mweupe ni haki, na uraia wa mweusi ni zawadi kwa sharti la kunyamaza.

Walakini twataka kuwaonya wenzetu pia. Si kila neno kali la Mzungu kwa Mwafrika ni ubaguzi. Mtu akisema kwamba serikali fulani ya Afrika inakula rushwa, au kwamba nchi fulani haina amani, aulizwe kama ni kweli. Na ikiwa ni kweli, tusijifiche nyuma ya rangi yetu. Neno "mbaguzi" ni kama muhuri wa ofisi. Ukigongwa juu ya kila karatasi, hapana atakayeutazama tena.

Turudi sasa kwenye kanuni ya karani. Sheria ya haki za raia ya Marekani ya mwaka 1964 ilikataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi yake au asili ya taifa lake, ikaunda Tume ya Nafasi Sawa za Kazi. Katika maelezo ya Tume hiyo, yaliyokuwapo mwaka ule wa 2019, maneno ya kumwambia mtu arudi alikotoka yalitajwa kuwa mfano wa maneno yanayoweza kuvunja sheria kazini, yakisemwa na mkubwa au na mwenzi. Ni kweli kwamba wabunge si wafanyakazi wa Rais, na kwa hivyo sheria ile haikumshika. Lakini fikirini: tarishi akimwambia mwenzake maneno yale, aweza kuitwa kujibu, mkuu wa serikali nzima akiyasema mbele ya ulimwengu, watu wenye elimu wabishana kama yana ubaya wowote. Na matunda hayakuchelewa. Tarehe 17 Julai, katika mkutano wa Rais huko North Carolina, umati ulipaza sauti kwamba Bibi Omar arudishwe. Umati haukusoma vitabu vya falsafa ya ubaguzi, uliisikia ruhusa.

Hata hivyo mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Maneno "rudini kwenu" yamesemwa kwetu pia, na ngozi ya msemaji ilikuwa kama yetu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na wengi wao walikuwa wamezaliwa pale pale. Wako waliopiga makofi. Mwalimu Nyerere alilipinga jambo lile hadharani. Hakuanza siku ile: Oktoba 1961, wajumbe wengine walipotaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi, alisimama barazani akiwa Waziri Mkuu, akawafananisha na Hitler, akasema kwamba muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Aliiweka kazi yake rehani kwa ajili ya haki ya watu wasio wa rangi yake. Huyo ndiye aliyepima maneno ya wenziwe kwa mizani ile ile aliyowapimia watawala.

Basi shauri letu kwa wanachama ni hili. Mkibishana juu ya neno la kiongozi yeyote, mweupe au mweusi, acheni moyo wake kwa Mungu. Ulizeni mambo matatu: alisema nini hasa, alimwambia nani, na je, angemwambia hivyo mtu wa asili nyingine aliye katika hali ile ile? Jibu la swali la tatu likiwa ni hapana, msiogope kuliita neno kwa jina lake.

Na kesho asubuhi, akija dirishani mtu mwenye jina la mpakani, au lafudhi isiyo ya kwetu, tazameni hati yake kabla ya kuitazama sura yake. Hatuwezi kumdai mkubwa kanuni ambayo sisi wenyewe hatuishiki.