Ushangiliaji wa mashindano Marekani: kwa nini jina "mchezo" linagombewa

Ukisikia washangiliaji wa Marekani, huenda unawafikiria wasichana wanaopunga mashada pembeni mwa uwanja huku wengine wakicheza mpira. Hao wapo. Lakini kuna timu ambazo hazimshangilii mtu. Zinaingia ukumbini kushindana zenyewe, na kila moja ina dakika mbili na nusu tu mbele ya majaji.

Ndani ya dakika hizo hakuna pa kupumzika. Wachezaji wanapiga samasoti, wanacheza ngoma, wanasimama mabegani mwa wenzao na kujenga piramidi, kisha wanamrusha mmoja wao juu na kumdaka. Anayepandishwa lazima aukaze mwili wote, maana akilegea kiuno tu, wanaombeba wanayumba. Nyuma yake anasimama mwenzake mwenye kazi moja kubwa: kulinda kichwa na shingo visifike chini.

Ndiyo maana vilabu vya huko vimegawanya ujuzi katika ngazi 7. Ngazi mbili za chini haziruhusu kabisa kupinduka hewani bila mikono kugusa sakafu. Ya tatu inaanza kuruhusu samasoti, tena kwa masharti. Huko juu, mtu anapinduka huku akijizungusha mara mbili kabla ya kutua. Timu inayoruka ngazi kwa tamaa ya kombe inacheza na shingo za watoto wa watu.

Hesabu za majeruhi zina jambo la kushangaza. Kwa jumla, washangiliaji huumia mara chache kuliko wasichana wa michezo mingine mingi. Ila yale majeraha mabaya kabisa, ya kichwa na uti wa mgongo, kwa miaka mingi zaidi ya nusu yake kwa wasichana wa sekondari yalitoka kwenye ushangiliaji. Mwaka 2012, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitaka majimbo yote yautambue kuwa mchezo, ili timu zipate makocha waliofunzwa na huduma ya tabibu.

Mahakama ilikuwa imesema vingine. Chuo Kikuu cha Quinnipiac, jimbo la Connecticut, kilitaka kufuta voliboli ya wanawake na kuweka ushangiliaji mahali pake. Wachezaji wa voliboli wakashitaki. Mwaka 2010 Jaji Stefan Underhill aliamua kwamba ushangiliaji ulikuwa bado haujajipanga vya kutosha kuhesabiwa kama mchezo chini ya sheria ya usawa wa kijinsia vyuoni. Kwa maoni yangu wasichana hao walikuwa na haki: chuo kilitafuta njia rahisi ya kujaza idadi.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua rasmi shirikisho la ushangiliaji duniani mwaka 2021, ingawa kutambuliwa si sawa na kuingizwa kwenye Olimpiki. Marekani kwenyewe, kila jimbo linajiamulia kuhusu shule zake.