Tulikwenda Mahakamani Wenyewe, Kwa Nini Tuwazuie Wapalestina?

Tarehe 30 Desemba 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu azimio refu juu ya vitendo vya Israel katika ardhi ya Wapalestina inayoikalia tangu 1967. Azimio lilikuwa na mengi, lakini kilicholipa uzito ni ombi moja: Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, itoe maoni yake ya kisheria kuhusu ukaliaji huo uliodumu zaidi ya nusu karne, makazi ya walowezi na unyakuzi wa ardhi. Nchi 87 zilisema ndiyo, 26 zilisema hapana, 53 zilijizuia, na 27 hazikupiga kura kabisa. Ndani ya zile 26, pembeni ya Marekani, Uingereza, Ujerumani na Israel yenyewe, zilikaa nchi nne za Afrika: Kenya, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Liberia na Togo. Habari hiyo ilipita kimyakimya, na mpaka leo wananchi wa Nairobi na Kinshasa hawajaelezwa ipasavyo kwa nini serikali zao zilikataa hata swali kuulizwa.

Tuanze na Kongo, maana kura yake ndiyo inayouma zaidi. Mwaka 1999 Kongo iliishitaki Uganda mbele ya Mahakama hiyohiyo. Mwaka 2005 majaji waliamua kwamba Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa, na kwamba eneo la Ituri, mashariki mwa Kongo, lilikuwa chini ya ukaliaji wa kijeshi wa Uganda, hivyo Kampala ilibeba wajibu wote ambao sheria inamtwisha anayekalia ardhi ya watu wengine. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikaiamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325. Wakongo waliouawa Ituri na waliobomolewa nyumba Kisangani walipata walau hilo: jopo la majaji lililotamka kwa jina kile walichotendewa. Haikupita hata miezi kumi na moja, serikali iliyopata hukumu hiyo ikabonyeza kitufe chekundu ili watu wengine, walio chini ya ukaliaji wa miaka mingi zaidi, wasifike mbele ya majaji hao. Wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kenya nayo ilikuwa na mwaka wake wa sifa. Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, siku chache kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, balozi Martin Kimani alilihutubia Baraza la Usalama akieleza jinsi mataifa ya Afrika yalivyorithi mipaka iliyochorwa na wakoloni, na badala ya kuipigania kwa damu yakachagua kuiheshimu na kufuata sheria ya kimataifa. Hotuba ile ilizunguka dunia nzima, na kwa haki kabisa, kwa sababu ilisema kweli ambayo mataifa makubwa yalikuwa yameisahau. Siku ya kura ya Desemba, Kenya ilikuwa imebakiza siku moja tu katika kiti chake cha miaka miwili kwenye Baraza hilo. Katiba yake ya 2010, ibara ya 2(5), inasema kanuni za jumla za sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria za Kenya. Inawezekana Nairobi bado ilikuwa na uchungu na Mahakama baada ya hukumu ya Oktoba 2021 kuhusu mpaka wa bahari na Somalia, hukumu ambayo Kenya iliikataa. Kama hiyo ndiyo sababu, isemwe hadharani ipimwe. Lakini mgogoro wetu na Mogadishu juu ya maji ya bahari si kosa la mkulima wa Kipalestina wa Hebron.

Na Liberia? Mwaka 1960 Liberia na Ethiopia ndizo zilizoifungulia kesi Afrika Kusini huko The Hague kwa ajili ya Namibia, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika ndiyo kwanza zilikuwa zinapandisha bendera. Walishindwa mwaka 1966, majaji wakisema nchi hizo mbili hazikuwa na haki ya kudai. Hawakukata tamaa. Umoja wa Mataifa ukaomba maoni ya ushauri, na mwaka 1971 Mahakama ikasema wazi kwamba kuwepo kwa Afrika Kusini nchini Namibia ni haramu, na kwamba nchi nyingine zina wajibu wa kutolitambua jambo hilo. Uhuru wa Namibia ulikuja 1990, kwa damu ya wapiganaji na kwa shinikizo la kila aina, lakini maoni yale yaliwanyang'anya makaburu kisingizio cha sheria. Tarehe 19 Julai 2024, kwa kura 11 dhidi ya 4, Mahakama ilifikia neno lilelile kuhusu Palestina: kuendelea kuwepo kwa Israel katika ardhi hiyo ni haramu na kunapaswa kukomeshwa haraka iwezekanavyo. Kama Afrika yote ingefuata kura ya Kenya, Kongo, Liberia na Togo, maneno hayo yasingeandikwa.

Wapo watakaosema haya yote ni makelele ya New York. Maazimio ya Baraza Kuu hayamfungi mtu, maoni ya ushauri hayana askari wa kuyatekeleza, na katika Baraza la Usalama Marekani ina kura ya turufu ambayo imeitumia mara nyingi kuikinga Israel. Tarehe 18 Aprili 2024 wajumbe 12 kati ya 15 walitaka Palestina iwe mwanachama kamili, na mkono mmoja wa Washington ukatosha kulizima ombi hilo. Hayo ni kweli. Lakini kama kura zetu hazina thamani, kwa nini wakubwa wanazihangaikia kiasi hiki? Mwaka 1947, azimio la kuigawa Palestina lilipita kwa kura 33 dhidi ya 13, huku 10 zikijizuia. Zilihitajika theluthi mbili za waliopiga kura, kwa hiyo nchi tatu tu zikihama kutoka ndiyo kwenda hapana, azimio lingeanguka. Liberia haikuliunga mkono katika kamati siku chache kabla, ila shinikizo lilipoongezeka ikageuka na kusema ndiyo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa tarehe 30 Desemba 2014. Jordan ilipeleka mbele ya Baraza la Usalama rasimu iliyotaka makubaliano ya amani ndani ya mwaka mmoja na majeshi ya Israel yaondoke kabla ya mwisho wa 2017. Rasimu haiwezi kupita bila kura tisa. Chad ilisema ndiyo. Nigeria ilitarajiwa kusema ndiyo pia, na hapo zingetimia tisa, Marekani ingelazimika kuinua kura ya turufu mbele ya macho ya dunia. Kura zilipohesabiwa zilikuwa nane. Nigeria ilijizuia, na Rwanda ikajizuia. Benjamin Netanyahu, waziri mkuu wa Israel, hakuficha kilichotokea: alisema yeye mwenyewe alizungumza na Rais Goodluck Jonathan wa Nigeria na Rais Paul Kagame wa Rwanda, wakamwahidi, na ahadi ikatimizwa. Tafakari jambo hilo, msomaji. Waziri mkuu wa nchi yenye mojawapo ya majeshi yenye nguvu zaidi katika eneo lake, rafiki wa dola yenye nguvu kuliko zote duniani, anachukua simu kuomba vidole viwili vya Afrika. Mwaka mmoja na nusu baadaye alitua Entebbe, Nairobi, Kigali na Addis Ababa, na hakuficha kwamba anataka kubadili jinsi Afrika inavyopiga kura Umoja wa Mataifa. Anayetuambia kura zetu si kitu aulize kwa nini zinafuatwa mpaka nyumbani.

Hoja ya pili ni ya maslahi, nami siidharau. Israel ina utaalamu wa umwagiliaji, ina vifaa vya ulinzi, na vijana wetu wanakwenda huko kusoma na kufanya kazi za mashambani. Serikali yoyote yenye watu wa kulisha ina haki ya kutafuta marafiki. Lakini ushahidi hauonyeshi kwamba urafiki huo hununuliwa kwa kura. Tarehe 21 Desemba 2017, Baraza Kuu lilipokataa uamuzi wa Rais Donald Trump kuitambua Jerusalem kama mji mkuu wa Israel, Marekani ilitishia waziwazi kukata misaada. Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilijizuia; Kenya na Kongo hazikupiga kura. Tanzania ilisema ndiyo pamoja na nchi nyingine 127. Miezi mitano tu baadaye, Mei 2018, Tanzania hiyohiyo ilifungua ubalozi wake Tel Aviv, na waziri wa mambo ya nje wa Israel wakati huo alikuwa Netanyahu mwenyewe. Misri na Jordan zina mikataba ya amani na Israel na kila mwaka zinapiga kura upande wa Palestina. Kwa hiyo anayesema tutapoteza mabomba ya umwagiliaji atuonyeshe ni nchi gani iliyoyapoteza.

Ipo hoja nyingine inayostahili jibu la heshima zaidi, kwa sababu inagusa damu. Inasemwa kwamba Umoja wa Mataifa unaiandama Israel kuliko nchi nyingine yoyote na unawafumbia macho wanaowaua Waisraeli. Tarehe 7 Oktoba 2023 kundi la Kipalestina la Hamas na wenzao waliua watu wapatao 1,200, wengi wao raia, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Msiba wao ni msiba wetu, na aliyewaua hana utetezi. Baraza Kuu lilipokutana tarehe 27 Oktoba mwaka ule, pendekezo la Canada la kulitaja na kulilaani kundi la Hamas lilipata kura 88 dhidi ya 55 na halikufikia theluthi mbili. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa, na nchi zilizolipinga zilijinyima uadilifu ambao zingeuhitaji kesho yake. Lakini tazama kilichofuata. Tarehe 12 Septemba 2025 Baraza Kuu liliidhinisha tamko ambalo linalaani mashambulizi ya Hamas, linaitaka Hamas ikabidhi silaha na kuachia utawala wa Gaza, linalaani pia mashambulizi ya Israel dhidi ya raia na kuwanyima chakula, na linataka mataifa mawili yaishi bega kwa bega. Lilipata kura 142. Kumi zilikataa, kumi na mbili zilijizuia. Hapo mizani ilikuwa imesawazishwa. Hata hivyo Kongo na Sudan Kusini zilijizuia, wakati Februari mwaka huohuo Kongo ilikuwa imelishukuru Baraza la Usalama kwa azimio namba 2773, lililopita bila kupingwa, likiitaka Rwanda iondoe majeshi yake katika ardhi ya Kongo.

Kuhusu dai kwamba Mahakama inavuruga mazungumzo ya pande mbili, Uingereza na Marekani zimelileta mara kadhaa, na majaji wenyewe walilipima na kulitupa, mwaka 2004 waliposhughulikia ukuta wa Israel katika Ukingo wa Magharibi na tena mwaka 2024. Mkataba wa Oslo ulitiwa saini 1993. Wakati huo walowezi katika Ukingo wa Magharibi, ukiacha Jerusalem Mashariki, walikuwa kiasi cha laki moja na kitu; sasa wamepita laki tano. Mazungumzo ya mwisho ya maana yalivunjika Aprili 2014. Mtu anayekuambia usiende kortini kwa sababu mnaongea, huku anaendelea kujenga kwenye kiwanja chako, hataki mazungumzo wala korti.

Sidai kwamba kila serikali ya Afrika Mashariki ni lazima ipige kura moja kila mara. Rasimu hutofautiana, na nyingine zimeandikwa vibaya. Ninachodai ni kipimo kimoja, na maelezo. Katika ukumbi ule wa New York, balozi ana haki ya kusimama kabla au baada ya kura akaeleza sababu za nchi yake. Ni dakika chache tu. Januari 2024, Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alipopinga hatua zote sita za dharura katika kesi ya Afrika Kusini dhidi ya Israel huko The Hague, balozi wa Uganda alitoka haraka kusema kwamba msimamo wa jaji si msimamo wa nchi. Alikuwa sahihi, jaji hapigi kura kwa niaba ya serikali. Basi wepesi huohuo uonekane pale nchi yenyewe inapobonyeza kitufe au inapokiacha kiti kitupu. Kujizuia bila kusema neno ni uamuzi uliofichwa, na kiti kitupu siku ya kura ya Jerusalem kilihesabiwa kama ushindi na wale waliotishia.

Tanzania ina Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, Kenya ina yake, na mabunge ya Kampala, Kigali, Kinshasa na Bujumbura yana zao. Wabunge wamtake waziri wa mambo ya nje alete, walau mara moja kwa mwaka, orodha ya kura ambazo nchi imepiga kuhusu Palestina, Ukraine na kila ardhi inayokaliwa kwa nguvu, pamoja na sababu ya kila kura. Orodha zenyewe si siri, Umoja wa Mataifa huzichapisha. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza waziri, na hiyo ni kazi ya mbunge uliyemchagua. Mpigie simu umwambie aanze na kura ya tarehe 30 Desemba 2022.