Kujua Bomba si Kujua Kisima

Mkazi wa Iyunga hahitaji kuambiwa kwamba mafuta husafiri. Magari ya mafuta yaelekeayo Tunduma hupita Mbeya usiku na mchana, na tangu mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710, limevuka Nyanda za Juu Kusini kwenda Ndola. Lilijengwa baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa bandia mwaka 1965 na kuiweka Zambia mashakani. Mwaka 2023 lilianza kupitisha dizeli badala ya mafuta ghafi. Hivyo kwa zaidi ya nusu karne Watanzania wamejifunza kulinda na kuendesha bomba. Lakini kujua bomba si kujua kisima, na tofauti hiyo sasa ina gharama yake.

Tazama Uganda. Katika bonde la Ziwa Albert inakadiriwa kuwa yapo mapipa bilioni 6.5, lakini yanayotazamiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4 tu. Katika kila mapipa kumi, karibu manane yatabaki ardhini. Asidhani mtu kwamba huo ni uzembe. Mafuta hayakai chini kama maji mtungini. Yamenasa katika vitundu vidogo vya mwamba, na msukumo wake wa asili hupungua kadiri yanavyotolewa. Ndiyo sababu maji huingizwa kwa visima maalumu ili kuyasukuma kuelekea visima vya kutolea. Mpango wa Tilenga una visima zaidi ya 400, na karibu nusu yake ni vya kuingizia maji.

Visima hivyo viwekwe wapi? Mkulima wa mpunga wa Usangu anaweza kujibu. Maji yakifunguliwa karibu na ufa wa tuta hayasambai jarubani. Huufuata ufa, yakatokea upande wa pili, na miche ikabaki mikavu. Chini ya ardhi ni vivyo hivyo. Kisima cha maji kikiwa karibu mno na cha mafuta, au kikielekezwa katika tabaka linalopitisha kwa wepesi, maji hukata njia ya mkato. Kisima cha mafuta huanza kutoa maji, na mafuta ya pembeni huachwa. Kikiwa mbali mno, au ng'ambo ya mpasuko ulioziba, msukumo haufiki. Mafuta yenye mnato huzidisha hatari, kwa kuwa maji huyapita badala ya kuyasukuma. Pampu kubwa haiponyi kosa hilo, hulichochea.

Sasa, Tanzania kwa njia ya TPDC ina asilimia 15 ya hisa katika bomba la EACOP litokalo Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilometa 1,443, ambazo 1,147 kati yake zimo nchini. Bomba hulipwa kwa pipa lipitalo. Kosa la kisima kule Buliisa litahesabiwa Tanga. Ni Watanzania wangapi wawezao kuisoma ramani ya visima vile na kuihoji? Kungoja taarifa ya kampuni kila mwisho wa mwaka ni kazi ya mpagazi asiyejua uzito wa mzigo mpaka umekwisha kuwekwa kichwani.

Wala Mbeya isijione iko mbali. Pale Ngozi, ambako taifa linatafuta umeme wa jotoardhi, swali ni lile lile. Maji ya moto yakishatumika hapana budi yarudishwe ardhini. Yakirudishwa karibu mno, hupoza chanzo chenyewe; yakirudishwa mbali mno, hayaongezi msukumo. Wakenya, ambao wamekuwa wakizalisha umeme wa jotoardhi Olkaria tangu mwaka 1981, wana mengi ya kufundisha juu ya jambo hili.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kipo hapo hapo Iyunga, na shule ya sekondari ya ufundi i jirani yake. Vijana kumi wapelekwe Olkaria na Hoima, wakae huko miaka miwili, si ya kutembezwa bali ya kufanya kazi, na mikataba iseme wazi kwamba kumbukumbu za visima zitafika mikononi mwao. Wakirudi kabla kisima cha kwanza cha kurudishia maji Ngozi hakijawekewa alama, gharama yao yote itakuwa ndogo kuliko ya kisima kimoja kilichochimbwa pasipofaa.