UCHAMBUZI: Intaneti ikilemewa, kamera za ulinzi Migori na Homa Bay hubaki mapambo

SI ajabu siku hizi kupita kandokando ya barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo, Awendo na Migori hadi Isebania, na kuona kamera ndogo nyeupe ikichungulia kutoka chini ya paa la nyumba ya kijijini. Kamera kama hizo ziko pia Oyugis, Kendu Bay, Mbita na viungani mwa mji wa Homa Bay.

Aghalabu mwenye nyumba haishi humo. Yuko Nairobi, Mombasa, Doha au Marekani, na nyumbani wamebaki wazazi waliokonga pamoja na kijana wa kuchunga ng'ombe. Kwa mtu huyo, kamera ndiyo njia ya kujua kama mama amefungua mlango asubuhi, kama lango limefungwa usiku na kama pampu ya maji ingali kisimani.

Hata hivyo, ulinzi huo una dosari moja ambayo wauzaji huwa hawaitaji. Kamera hizi hutegemea intaneti ile ile inayotumiwa na jamaa wote nyumbani kutazama filamu, mechi na video za simu. Matumizi yakizidi, kamera huwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kunyamaza, na hunyamaza bila kumwarifu mtu.

Chukua mfano wa boma lililofikwa na msiba. Miongoni mwa Waluo, mazishi huwaleta nyumbani watu waliotawanyika kote duniani, na wasioweza kufika hutaka kushuhudia. Tangu mwaka 2020, idadi ya waombolezaji ilipowekewa kikomo kwa sababu ya janga la Covid-19, limekuwa jambo la kawaida kupeperusha ibada na maziko moja kwa moja kupitia intaneti. Nenosiri la waifai hupitishwa kutoka mkono hadi mkono. Vijana hupakia picha, wazee huzungumza na wana wao walio ng'ambo kwa video, na watoto waliochoshwa na hotuba hujificha nyuma ya nyumba wakitazama katuni.

Usiku huo huo lango huwa wazi. Wageni wasiofahamika huingia na kutoka, magari huegeshwa hadi shambani na fedha za mchango zimo ndani ya nyumba. Kama kuna usiku ambao kamera inafaa kuwa macho, ni huo. Lakini anayejaribu kuitazama akiwa mbali huenda akaona tu duara likizunguka katikati ya kioo cha simu.

Kiini cha tatizo ni tofauti kati ya kupakua na kupakia. Televisheni hupakua: huvuta picha kutoka nje na kuzileta sebuleni. Kamera hufanya kinyume, yaani husukuma picha kutoka nyumbani kwenda nje. Kampuni za intaneti hutangaza zaidi kasi ya kupakua. Kwenye huduma zinazotumia minara ya simu au setilaiti, ambazo ndizo tegemeo la vijiji ambako nyaya za faiba hazijafika, kasi ya kupakia kwa kawaida huwa sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa kwenye bango.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kamera moja ya picha safi, ikituma video mfululizo, huhitaji takriban megabiti moja hadi mbili kwa sekunde. Kamera nne zitahitaji kati ya nne na nane. Mtu anayepeperusha mazishi kwa picha nzuri naye atahitaji tatu au zaidi. Ikiwa njia ya kutoka nyumbani ina uwezo wa megabiti tano pekee, mmoja wao atakwama, na msimamizi wa matangazo ya mazishi atahakikisha si yeye.

Mtu anaweza kuuliza: Je, ujumbe mfupi wa kuonya kwamba kuna mtu langoni nao unakwama vipi, ilhali ni mdogo mno? Wanaotumia feri kati ya Mbita na Luanda Kotieno wanajua jibu. Malori yakitangulia kwenye foleni, pikipiki iliyobeba dawa za mgonjwa nayo hungoja, hata kama nafasi inayohitaji ni ndogo. Ndivyo ilivyo ndani ya ruta. Mafurushi makubwa ya video hupanga foleni, na ujumbe mdogo wa tahadhari husimama nyuma yake. Onyo linalofika dakika tano baada ya mwizi kuruka ua ni taarifa ya habari.

Kuna msongamano mwingine usioihusu kampuni ya intaneti hata kidogo. Kamera nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahetsi 2.4 pekee. Masafa hayo yana sifa ya kupenya kuta kuliko yale ya gigahetsi 5, lakini ni membamba: kwa kawaida ni mikondo mitatu tu, yaani ule wa 1, wa 6 na wa 11, inayoweza kutumika bila kuingiliana.

Katika ploti za kupangisha mjini Migori au Rongo, ambapo vyumba vimepangwa ukuta kwa ukuta na kila mpangaji ana ruta yake, vifaa hivyo vyote hung'ang'ania mikondo hiyo mitatu. Simu, televisheni, spika zisizo na waya na hata tanuri za maikrowevu zimo katika ugomvi huo. Mpangaji anaweza kulipia kasi kubwa kiasi gani na bado kamera yake ikose nafasi ya kusema na ruta iliyo hatua kumi kutoka ilipo.

Vijijini msongamano huo wa majirani haupo, ila umbali huchukua nafasi yake. Ruta iko sebuleni na kamera iko langoni, mita 40 au 50 mbele, huku katikati kukiwa na ukuta wa mawe na jiko la mabati. Mabati hurudisha mawimbi kama yanavyorudisha jua. Kifaa kinachosikia ruta kwa shida hulazimika kurudia ujumbe mara kwa mara, na kadri nyumba inavyojaa simu ndivyo zamu yake inavyochelewa.

Aliyezoea kuhariri matangazo ya biashara hujifunza kutilia shaka neno dogo 'hadi'. Kasi ya 'hadi' megabiti 10 haimaanishi megabiti 10. Inamaanisha kwamba haitazidi hapo. Saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, mteja anaweza kuipata. Saa tatu usiku, mtaa mzima ukiwa mbele ya televisheni, mambo hubadilika. Kuna pia desturi ya mwenye ploti kununua huduma moja na kuigawia wapangaji kumi, kila mmoja akilipa kidogo. Si vibaya kupunguza gharama, lakini mpangaji anayetundika kamera juu ya mlango wake afahamu kwamba ulinzi wake sasa unategemea jirani anapenda filamu kiasi gani.

Safari ya picha haiishii kwenye ruta. Kamera nyingi zinazouzwa madukani hutuma video kwenye mitambo ya kampuni iliyozitengeneza, na aghalabu mitambo hiyo iko nje ya nchi. Hivyo picha ya lango la Ndhiwa, inayotazamwa na mtu aliyeketi mjini Homa Bay, huenda ikapitia Mombasa, ikavuka bahari na kurudi tena.

Kenya iliunganishwa na nyaya za baharini za TEAMS na Seacom mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, na hapo ndipo enzi ya kutegemea setilaiti za bei ghali ilipoanza kufifia. Lakini mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika katika bahari ya Afrika Kusini, intaneti ilidorora kote Afrika Mashariki. Njia chache zilizosalia zilibebeshwa mzigo wa wote. Ni jambo la kustaajabisha kwamba hitilafu karibu na Durban yaweza kumzuia mtu kuona kama lango lake la Karungu limefungwa.

Baadhi ya wakazi wameweka matumaini yao katika Starlink, iliyoanza huduma nchini Julai 2023. Kwa vijiji vya Nyatike na visiwa vya Ziwa Victoria, hayo ni matumaini yenye msingi. Hata hivyo, setilaiti nazo hujaa. Novemba 2024 kampuni hiyo ilisitisha kuwasajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu uwezo ulikuwa umefikia kikomo, kabla ya kuwafungulia tena mwaka 2025. Anga pia ina foleni.

Aidha, yapo mazingira ambayo kamera yenyewe ndiyo mlaji wa intaneti. Mnamo Oktoba 2016, programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mitambo ya kurekodi video katika nchi nyingi kwa kutumia nenosiri la kiwandani ambalo wenyewe hawakuwa wamelibadilisha. Vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Kamera iliyotekwa yaweza kuendelea kuonyesha picha kama kawaida huku ikimaliza intaneti ya nyumba kwa shughuli za watu wengine. Mafundi wanaoacha nenosiri la kiwandani ili iwe rahisi kurudi kurekebisha wanamwachia mgeni ufunguo mlangoni.

Je, wenye nyumba wang'oe kamera? La. Wanachohitaji ni kuacha kuzitegemea kupitia mlango mmoja. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kamera inarekodi papo hapo nyumbani, kwenye kadi ya kumbukumbu au mtambo wa kurekodi uliofichwa ndani, ili intaneti ikikatika ushahidi usipotee. Kamera nyingi zina tundu la kadi hiyo, ila huuzwa tundu likiwa tupu.

Waya nao haujapitwa na wakati. Kamera ya langoni iliyounganishwa kwa waya hadi kwenye mtambo wa kurekodi haigombanii mawimbi na simu ya mtu yeyote. Pasipo uwezo wa kuvuta waya, ruta nyingi huruhusu kuweka mtandao wa pili wa wageni, wenye nenosiri lake na kikomo chake cha kasi, hivyo waombolezaji 100 wakafurahia waifai bila kugusa fungu la kamera. Baadhi huruhusu pia kuipa kamera kipaumbele kwenye foleni. Kupunguza ubora wa picha inayotumwa nje, huku ile safi ikihifadhiwa ndani, huokoa sehemu kubwa ya mzigo.

Umeme nao usisahauliwe. Wakenya wanakumbuka jinsi taifa lilivyozama gizani Agosti, Novemba na Desemba 2023. Kamera yenye betri haisaidii ikiwa ruta imezimika. Betri ndogo ya kuendesha ruta kwa saa chache, pamoja na king'ora kinacholia bila kuhitaji intaneti, huenda vikafaa kuliko kamera ya tano. Wazee wa eneo hili walitegemea nduru, ukemi uliotoka boma moja hadi jingine mpaka kijiji kizima kiamke. King'ora kinafanya kazi hiyo hiyo, na jirani aliye umbali wa shamba moja hufika mapema kuliko mwana aliye Doha.

Lakini mzigo huu haufai kuachiwa mnunuzi pekee. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Kuuza kamera inayohitaji kasi fulani ya kupakia bila kuitaja kasi hiyo ni kumnyima mnunuzi habari za aina hiyo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, inayozipa leseni kampuni za intaneti, ingeweza kuzitaka zitangaze kasi ya kupakia kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa kupakua, na zieleze hali ilivyo nyakati za jioni.

Serikali iliyoingia madarakani 2022 iliahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma. Ni ahadi nzuri kwa masoko ya Sori na Rodi Kopany. Walakini, takwimu hizo huhesabu umbali wa nyaya na idadi ya vituo. Hazisemi picha moja itachukua muda gani kutoka kijijini saa ambayo kila mtu yuko mtandaoni.

Desemba ikifika, wenye nyumba wengi watarejea Migori na Homa Bay wakiandamana na watoto wao, kila mmoja na simu yake. Hapo wataweza kufanya jaribio lisilohitaji fundi. Saa tatu usiku, televisheni ikiwa imewashwa na watoto wakiwa kwenye video zao, mmoja azime waifai kwenye simu yake, abaki na data za kadi ya sim, kisha atembee hadi langoni na asimame mbele ya kamera. Ahesabu sekunde hadi simu mfukoni mwake imwambie kwamba kuna mtu langoni.