Kona Kwanza, Kukomba Baadaye
Mwanafunzi anayesanifu kasha la redio kwenye kompyuta huanza na bonge zima, huchagua uso wa kuondoa, huandika unene wa ukuta, tuseme milimita 2, na programu hulikomba ndani papo hapo. Urahisi huo unanitia wasiwasi, maana ufundi wenyewe umo katika mpangilio wa hatua. Ukiviringa kona za nje kwa nusukipenyo cha milimita 5 kabla ya kukomba, kona za ndani hutokea zenyewe zikiwa na milimita 3, na ukuta hulingana kote. Ukikomba kwanza, kisha ukaviringa nje tu, kona ya ndani hubaki kali na ukuta hapo huwa chini ya milimita 1. Kasha likianguka, hupasukia hapo hapo. Unene uliozidi nao una adhabu yake: plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu hupoa taratibu mahali penye unene huo, husinyaa na kuacha kibonde usoni. Walimu wa usanifu, programu ya usanifu ya FreeCAD ni ya bure. Likateni umbo katikati kwenye skrini, kila mwanafunzi aupime ukuta mwenyewe kabla hamjasahihisha kazi yake.